Simu inasema nimeuza katoni 40, makao makuu wanasoma 120. Nani mwongo?

#1 Mchuuzi wa Ulanga
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye ujuzi wa mifumo mnisaidie kabla ya mwisho wa mwezi, maana mshahara wangu unaelekea kuliwa.

Mimi ni muuzaji wa gari. Tunapakia juisi na biskuti stoo ya Morogoro, tunashuka Ifakara, tunapanda Mahenge na vijiji vya mbele yake. Zamani tulikuwa na kitabu cha risiti chenye kaboni. Siku hizi kampuni imetupa simu yenye aplikesheni ya oda. Mtandao usipokuwepo inaandika "imehifadhiwa", ukirudi inatuma yenyewe.

Wiki iliyopita duka moja lilichukua katoni 40 kwa mkopo. Kwenye simu yangu ni oda moja, katoni 40. Makao makuu mhasibu anaona ankara tatu, kila moja katoni 40, jumla 120. Mwenye duka amekiri deni la 40 tu. Zile 80 wanasema nimezipeleka kwingine, kwa hiyo nakatwa.

Nani mwongo hapa? Simu, makao makuu, au yule wa katikati anayebeba ujumbe?

#2 Kobe wa Kisutu
Nimekaa pale nasubiri wataalamu. Ila mkuu, kitufe ulibonyeza mara ngapi? Sema ukweli, hatumwambii mhasibu.

#3 Fundi Foleni
Pole sana. Hii ni ajali ya kawaida kabisa, naiona karibu kila mradi.

Kati ya simu yako na mfumo mkuu kuna programu ya kati. Simu yako haiongei moja kwa moja na vitabu vya kampuni. Inamkabidhi huyo wa kati, naye anapanga foleni, anatafsiri lugha ya simu kwenda lugha ya mfumo wa uhasibu, halafu anarudisha jibu "imepokelewa". Ni dalali, kwa kifupi.

Sasa mtume mtoto dukani akanunue mkate. Dakika ishirini hajarudi. Hujui kama hajafika, au amefika akanunua na yuko njiani anacheza mpira. Unamtuma wa pili. Jioni una mikate miwili. Simu yako ilifanya hivyohivyo: ilituma oda, oda ikafika, lakini jibu likapotea njiani mtandao ulipokata. Simu ikadhani haijafika, ikatuma tena.

Dawa yake ni oda kupewa namba ya kipekee humohumo kwenye simu kabla ya kuondoka, hasa ile namba ndefu ya biti 128 ambayo simu mbili haziwezi kugongana nayo kirahisi. Dalali akiiona mara ya pili anasema "hii ninayo" na kurudisha jibu lilelile, hafungui ankara mpya.

#4 Mhasibu Mnoko
Mimi ni mhasibu, si wa kampuni yake. Nyie watu wa mifumo kila siku mtandao. Katika miaka yangu yote, "mtandao" ndiye mfanyakazi mvivu kuliko wote na hajawahi kukatwa mshahara.

Mtoa mada, gari lilitoka stoo na katoni ngapi?

#5 Mchuuzi wa Ulanga
#2 nilibonyeza mara moja. Labda mbili.
#4 lilitoka na katoni 100 za juisi.

#6 Kobe wa Kisutu
Gari la katoni 100 limeuza 120! Kaka hiyo biashara niunganishe na mimi.

#7 Mhasibu Mnoko
Basi hapo umeshapona nusu. Chukua hati ya kupakia, iweke mezani pamoja na hesabu ya mzigo uliorudi. Ukirudisha 60 na duka likakiri 40, hakuna mahakama wala bosi atakayekukata. Karatasi ya stoo inamshinda dalali yeyote.

#8 Mchuuzi wa Ulanga
Ndiyo tatizo jingine. Nilirudi na 22. Nyingine niliuza taslimu njiani na zote zimesomeka sawa. Mhasibu wetu anasema mfumo wa stoo unaniruhusu kwenda chini ya sifuri, kwa hiyo hati ya kupakia si ushahidi, huenda niliongezewa mzigo na gari jingine.

Na kuna la ziada. Ankara ya kwanza inasomeka 16:42, ya pili 16:44, ya tatu 03:10 kesho yake. Saa kumi na dakika 42 jioni mimi nilikuwa bado barabarani, dukani nilifika jioni kabisa, giza limeshaingia. Wanasema niliandika mauzo kabla sijafika, huo ni ushahidi wa wizi.

#9 Saa Sita Kamili
Hapa ndipo nilipopangusa miwani.

Ongeza saa tatu. Seva nyingi zinatunza muda wa dunia, ule wa Greenwich, na sisi tuko saa tatu mbele yake. 16:42 ni 19:42 yetu, yaani saa moja na dakika 42 usiku. 16:44 ni saa moja na dakika 44. 03:10 ni 06:10, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Ulikuwa wapi nyakati hizo?

#10 Mchuuzi wa Ulanga
Mungu akubariki! Saa moja na nusu usiku nilikuwa dukani, nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Alfajiri saa kumi tukaondoka, saa kumi na mbili na kitu ndiyo tunakaribia daraja la Mto Kilombero, Ifakara mtandao umejaa.

#11 Fundi Foleni
Kesi imekwisha. Kilimani simu ilituma mara mbili, mtandao ukakata jibu halijarudi. Asubuhi karibu na daraja mtandao ukarudi, ikatuma ya tatu. Ankara tatu, oda moja. Kama nilivyosema #3.

#12 Mama Daftari
Usifunge kesi haraka, mwanangu. Ukimya wa usiku kucha unatoka wapi? Mahenge mjini mtandao upo, na wametoka saa kumi wakapita hapohapo. Kwa nini haikutuma pale?

#13 Fundi Foleni
Swali zuri dada. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia kioo kimezimwa na haijachomekwa kwenye chaji, mfumo unaziweka programu usingizini na kuzinyima mtandao isipokuwa kwa vipindi. Na kuna watengenezaji wa simu za bei ndogo wanaongeza ukali wao juu ya huo, programu inauawa kabisa. Simu ikiwa mfukoni hadi ukaifungua Ifakara, ndiyo itatuma.

#14 Kijana wa Gari Jingine
Simu iliyo mfukoni ndani ya Fuso kwenye barabara ile haijatulia hata dakika moja. Uliza mgongo wangu.

#15 Fundi Foleni
Haha, hapo umenikamata. Usingizi ule mzito kweli unahitaji simu itulie. Lakini kuna usingizi mwepesi ulioongezwa Android 7, huo unafanya kazi hata ukitembea, ilimradi kioo kimezimwa.

#16 Mhasibu Mnoko
Mimi nina maelezo mengine ya hiyo saa kumi na mbili. Sehemu niliyofanya kazi, mfumo mkuu unafunga hesabu za siku usiku wa manane, na hadi kazi za usiku ziishe haupokei ankara. Dalali wenu anakusanya kila kitu kwenye foleni. Saa kumi na mbili asubuhi mlango unafunguliwa, anamwaga zote kwa mpigo. Tulikuwa tunaita mafuriko ya alfajiri.

Kwa hiyo ya tatu huenda haikutoka kwenye simu kabisa. Dalali mwenyewe hakupata jibu kutoka mfumo mkuu, akairudia. Mtoto wa kwenda dukani ni wake, si wa mchuuzi.

#17 Saa Sita Kamili
#16 ana hoja, na hii watu wanaisahau. Kuna safari mbili: simu hadi kwa dalali, na dalali hadi mfumo mkuu. Kila safari ina jibu lake la kupotea. Unaweza kuziba ya kwanza vizuri sana na bado ukavuja kwenye ya pili, kwa sababu mfumo mkuu wa zamani haujui ile namba ndefu ya simu. Unatoa namba yake mwenyewe ya ankara kila unapogongwa mlango.

Mtoa mada, muulize mhasibu wako: kwenye zile ankara tatu, sehemu ya "rejea" kuna namba gani?

#18 Mwanafunzi wa Mawingu
Hamna haja ya haya yote. Tumieni hifadhidata ya CouchDB, inasawazisha yenyewe. Mgongano ukitokea inachukua nakala yenye muda wa karibuni, imekwisha.

#19 Muuguzi Kisumu
Hapana, hapo umekosea kidogo ndugu. CouchDB haiangalii saa hata kidogo. Kila waraka una historia ya matoleo yake. Penye mgongano inashinda yenye historia ndefu zaidi, zikilingana inashinda ile ambayo namba yake ya toleo inakuja juu kwa mpangilio wa herufi. Ni kama kurusha shilingi, ila kila seva inapata upande uleule. Na aliyeshindwa hafutwi, anabaki humo akingoja binadamu aamue. Shida ni kwamba huyo binadamu mara nyingi haji.

Najua kwa sababu huku Kenya wahudumu wa afya ya jamii wanatumia programu iliyojengwa hivyo, CouchDB kwenye seva na ndugu yake PouchDB ndani ya simu. Wanaandika familia nzima bila mtandao, wakifika zahanati inapanda. Kwetu shida kubwa haikuwa ankara, ilikuwa watoto mapacha wa kompyuta: mtoto mmoja amesajiliwa na wahudumu wawili, kila simu imempa namba yake. Namba ndefu hazikusaidia kitu hapo, maana ni kweli ni namba mbili tofauti.

#20 Mama Daftari
#19 asante. Hapo ndipo ninapopenda daftari langu. Mtoto ana mama, namuuliza mama.

Nina duka la jumla, nasoma uzi huu nikicheka. Tatizo la vijana mnatuma salio. Simu inasema "stoo imebaki 60", nyingine inasema "imebaki 75", dalali anachagua mmoja na mwingine amepotea. Daftari halifanyi hivyo. Ninaandika "imetoka 40", "imetoka 25", "imeingia 100". Salio nalipata nikijumlisha mwisho. Hata kurasa zikichanganyika, jumla haibadiliki.

#21 Saa Sita Kamili
Mama Daftari umesema kwa mstari mmoja jambo ambalo wasomi waliliandikia makala mwaka 2011, wakina Marc Shapiro na wenzake: data zinazounganika zenyewe bila kujali zimefika kwa mpangilio gani.

Ila tahadhari moja. "Imetoka 40" ikifika mara tatu, daftari nalo litajumlisha 120. Unatuma miondoko, sawa, lakini kila mwondoko uwe na namba yake. Bila hivyo tunarudi kwa mchuuzi wetu.

#22 Mzee wa Kizazi cha Palm
Mnaongea kana kwamba dunia ilianza juzi. Mwaka 1996 Pilot, kompyuta ndogo ya mfukoni ya Palm, ilikuwa na kitako chenye kitufe kimoja. Unaiweka, unabonyeza, kalenda na anwani zinalingana na kompyuta. Hapo ndipo mambo haya yalipoanzia.

#23 Saa Sita Kamili
Shikamoo mzee, ila Lotus Notes, programu ya maofisini, ilikuwa inanakili hifadhidata kati ya mashine tangu 1989.

#24 Mzee wa Kizazi cha Palm
Marahaba. Nakubali, Notes ilitangulia. Lakini haikukaa mfukoni.

Nikiwa bado na kumbukumbu: mwaka 2000 kampuni kubwa, Nokia, Ericsson, IBM, Motorola, Palm na wengine, zilikaa zikatengeneza lugha moja ya kusawazisha, SyncML, ili kila simu iongee na kila seva. Mle ndani kulikuwa na jambo la busara: simu na seva zinakumbuka alama ya mara ya mwisho walipokutana. Wakikutana tena wanalinganisha alama. Zikilingana, wanapeana mabadiliko tu. Zisipolingana, mmoja amepoteza kumbukumbu, basi wanaanza upya kulinganisha kitu kwa kitu. Vijana wengi leo wanatengeneza dalali asiyejua kwamba simu imepoteza kumbukumbu.

#25 Kijana wa Gari Jingine
Kupoteza kumbukumbu naijua. Mwenzetu alikwenda likizo ya uzazi, simu ikakaa droo miezi minne. Aliporudi akaiwasha, bidhaa zilizofutwa miezi mitatu nyuma zikafufuka nchi nzima. Biskuti ambazo hazitengenezwi tena zikaanza kupata oda. Tukaita ile simu Mzimu.

#26 Fundi Foleni
Hiyo ni makaburi yaliyofukuliwa mapema. Ukifuta kitu kwenye mifumo hii hakiondoki, kinawekewa alama ya kaburi ili simu zote zijue kimekufa. Alama hizo zikijaa, mfumo unazisafisha. Kwenye hifadhidata ya Cassandra kwa kawaida ni baada ya siku 10. Kifaa kilicholala zaidi ya hapo kikiamka hakikuti kaburi, kinadhani kitu ni kipya na kinakirudisha. Hata Amazon kwenye andiko la mwaka 2007 kuhusu Dynamo, hifadhidata yao, walikiri kwamba kitu ulichotoa kwenye kikapu kinaweza kurudi. Waliona bora kirudi kuliko mteja apoteze alichoongeza.

#27 Kobe wa Kisutu
Wao kitu kinarudi kikapuni, sisi deni linarudi mshahara. Mtoa mada yuko wapi?

#28 Mchuuzi wa Ulanga
Nimerudi. Nilikuwa kwa mhasibu. Zile saa tatu za #9 ameelewa, shutuma ya kuandika kabla ya kufika ameifuta.

Sehemu ya rejea: ankara zote tatu zina namba ileile ya oda, ile iliyo kwenye simu yangu.

#29 Fundi Foleni
Kesi imekwisha, mara ya pili. Namba moja, ankara tatu. Dalali aliipokea namba na hakuitumia kuzuia marudio.

#30 Mchuuzi wa Ulanga
Ngoja sijamaliza. Ya kwanza na ya pili zina bei mpya. Ya tatu ina bei ya zamani, ile ya mwezi uliopita.

#31 Mama Daftari
Ehee.

#32 Saa Sita Kamili
Hapo mambo yamegeuka. Kama simu ileile imerudia oda ileile, bei isingerudi nyuma. Orodha ya bei kwa kawaida inashuka kutoka makao makuu kwenda kwenye simu. Bei ya zamani inaonyesha kifaa ambacho hakijashusha orodha mpya.

Mkuu, una simu mbili?

#33 Mhasibu Mnoko
Au dalali ana nakala yake mwenyewe ya bei, na baada ya kufunga siku alisoma ya zamani. Msimkimbilie mchuuzi.

#34 Mchuuzi wa Ulanga
Simu ya kwanza ilivunjika kioo. Nikapewa nyingine. Ile ya zamani nilimpa utingo asikilize muziki.

#35 Kobe wa Kisutu
Nimeanguka kwenye kiti.

#36 Saa Sita Kamili
Na akaunti yako ulitoa ndani yake?

#37 Mchuuzi wa Ulanga
Sikumbuki kutoa.

#38 Fundi Foleni
Bado sikubali kwamba ni utingo. Simu ya zamani inaipataje oda iliyoandikwa kwenye simu mpya?

#39 Muuguzi Kisumu
Kwa kuishusha. Ukiingia na akaunti moja kwenye simu mbili, kila moja inavuta kazi zako. Oda ikiwa haijapata muhuri wa kukamilika, inaweza kushuka kama rasimu. Hapo inategemea fundi aliyeijenga: simu inaonyesha tu rasimu, au inaona ni kazi yake kuikamilisha na kuipandisha tena kwa bei iliyo nayo. Kwetu tuliwahi kuona ya pili, fomu ya mama mjamzito mmoja ikapanda kutoka kwenye simu mbili.

#40 Fundi Foleni
Inawezekana. Lakini hata hivyo dalali angeikataa kwa namba. Kosa la dalali liko palepale, hata simu ziwe kumi.

#41 Mhasibu Mnoko
Na mimi nasema hata dalali angeipitisha, mfumo mkuu ungekuwa na sharti la rejea kutojirudia, ankara ya pili isingezaliwa. Sanduku moja la kuteua kwenye mipangilio. Kuna mtu hakuliteua kwa sababu lilikuwa linamsumbua siku ya uzinduzi. Nawajua.

#42 Mwanafunzi wa Mawingu
Sasa si wangetumia tu muda wa simu kujua ipi ilitangulia?

#43 Saa Sita Kamili
Kijana, saa ya simu ndiyo shahidi wa mwisho kuitwa. Watu wanarudisha saa nyuma kwa sababu ya michezo, betri inakufa inaamka na mwaka mwingine. Mwanasayansi wa kompyuta Leslie Lamport tangu 1978 alishaonyesha kwamba unaweza kupanga nini kilitangulia nini kwa kuhesabu matukio na ujumbe, bila kuitegemea saa ya ukutani. Ukiweka kanuni ya "aliyeandika mwisho ndiye mshindi" kwa saa za simu, mshindi ni mwenye saa mbovu iliyo mbele.

#44 Kijana wa Gari Jingine
Na kabla hatujasahau Kiswahili: mnasema kusinki au kusawazisha? Kwetu bosi anasema "sinkini simu zenu", kila mtu anacheka.

#45 Mzee wa Kizazi cha Palm
Kusawazisha. Sinki ni la kuoshea vyombo.

#46 Mchuuzi wa Ulanga
Wakuu, matokeo ya leo. Mtu wa mifumo wa kampuni amesema nisasishe aplikesheni, hakueleza zaidi. Mhasibu ameifuta ankara ya tatu kwa sababu ya bei, ameacha mbili. Sasa nadaiwa 40 badala ya 80.

#47 Mhasibu Mnoko
Amefuta isiyo na mtetezi. Mwandikie barua, ambatisha hati ya kupakia, hesabu ya 22 zilizorudi, risiti za taslimu, na karatasi ya mwenye duka yenye sahihi. 100 toa taslimu toa 22 inabaki 40. Anayedai uliongezewa mzigo na gari jingine aonyeshe hati ya hilo gari. Usitaje dalali, usitaje mtandao.

#48 Fundi Foleni
Na uombe logi, yaani kumbukumbu za matukio, za programu ya kati za usiku ule. Humo kuna alama ya kifaa kilichotuma kila moja. Ndiyo itakayotuambia kama ya tatu ni foleni ya alfajiri, ni wewe darajani, au ni utingo.

#49 Mama Daftari
Kwanza hiyo simu ya muziki iko wapi? Izime.

#50 Mchuuzi wa Ulanga
Nimempigia utingo sasa hivi. Ameiuza Ifakara, Jumamosi.

#51 Saa Sita Kamili
Ikiwa na akaunti yako ndani? Acha kujibu hapa, mpigie mtu wa mifumo aifunge akaunti kwenye vifaa vyote usiku huu.

#52 Mchuuzi wa Ulanga
Nampigia. Hapatikani.